Nyuma ya Siti Kuna Nini?



Injili ya tafakari yetu: Mathayo 6:1-6, 16-18

Kijana mwenzangu, leo naomba tupitie gereji kwanza kabla hatujaingia kanisani. Wanaonifahamu wanajua napenda sana magari ya zamani. Napenda kuyaangalia tu, maana ya kununua sina. Kuna moja la Kiingereza linaitwa MGB. Lilitengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya 500,000. Ni kagari kadogo, ka chini, ka watu wawili, paa lake ni la turubai la kukunja. Mtindo huo ulipendwa mpaka Wajapani nao wakauiga. Mwaka 1989 Mazda walionyesha MX-5 yao kule Chicago, na ukiitazama unaona kabisa kwamba waliotengeneza walikuwa wanawakumbuka Waingereza.

Sasa shida ya vigari hivi ni nafasi. Buti ni dogo, na humo humo ndani tairi la spea limejilaza. Na chochote utakachoacha juu ya siti kinaonekana, na paa lenyewe ni turubai, kisu tu kinatosha. Kwa hiyo wenye MGB wamehangaika miaka mingi kutafuta pa kuficha vitu vyao, na wengi wameishia sehemu moja. Hebu nikueleze, maana ndiyo mahubiri yenyewe.

MGB za mwanzo, mpaka 1974, hazikuwa na betri moja ya volti 12 kama tulivyozoea. Zilikuwa na betri mbili za volti 6, zimeunganishwa pamoja ili zitoe 12. Na hazikukaa mbele kwenye injini. Zilikaa nyuma ya siti, chini ya sakafu, moja kulia na nyingine kushoto, propela shafti inapita katikati. Juu yake kuna kifuniko, na juu ya kifuniko kuna kapeti. Ukikaa ndani ya gari hujui kabisa kwamba nyuma yako chini kuna shimo.

Siku hizi mwenye gari anafunga betri moja tu ya volti 12 upande mmoja. Ule upande wa pili unabaki mtupu. Basi anausafisha, anatumbukiza boksi la plastiki linaloenea pale, anarudisha kifuniko, anarudisha kapeti. Kwisha. Amepata sehemu ya siri ya kuweka spana, kamba ya kuvutia, pochi anapoegesha. Mwizi anaweza kufungua buti, akapekua chini ya siti, asione kitu.

Lakini ukimuuliza fundi anayeyajua magari haya, atakuambia: usianze na boksi, anza na bati. Kwa sababu sehemu ile ilikuwa ngumu kuifikia, watu waliisahau. Kukagua maji ya betri mpaka usogeze siti, ufunue kapeti, ufungue kifuniko. Nani ana muda huo? Kwa hiyo asidi ya betri ilikuwa inavuja taratibu kwa juu, na kwa chini tope na maji ya barabarani yanapiga. Kutu ikala. Unakuta gari limepakwa rangi linang'aa, watu wanapiga nalo picha, ukifunua kapeti fremu za betri zimekwisha. Ukiweka boksi lako jipya juu ya bati bovu namna ile, siku moja litadondoka barabarani na kila kilichomo.

Nilipolifahamu hilo nilikaa kimya kidogo. Nikajiona mimi mwenyewe.

Kuwa na sehemu ya siri si dhambi

Naanza na hili kwa sababu vijana wengi tunadhani dini inataka kila kitu chetu kiwekwe hadharani. Hapana. Injili tuliyoisoma ndiyo ile tunayoisikia kila Jumatano ya Majivu, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya kupakwa majivu. Ndani yake Yesu anazungumzia mambo matatu: sadaka, sala na kufunga. Na katika yote matatu anatuelekeza mahali pa siri. Ukitoa, usipige tarumbeta. Ukisali, ingia chumbani kwako ufunge mlango. Ukifunga, nawa uso, watu wasijue. Mara tatu anarudia kwamba Baba yako anaona sirini.

Kumbe Mungu mwenyewe ndiye aliyetuwekea lile shimo nyuma ya siti. Alituumba tukiwa na kina. Kuna sehemu ndani yako ambayo mama hajawahi kuifikia, rafiki yako wa karibu hajaifikia, hata wewe mwenyewe huifikii vizuri. Yeye anaifikia. Mtakatifu Teresa wa Avila alipoandika mwaka 1577 kuhusu sala, aliifananisha roho na ngome yenye vyumba vingi, na Mfalme anakaa katika chumba cha ndani kabisa.

Kwa hiyo sikuulizi kama una sehemu ya siri. Unayo. Swali langu ni moja tu: humo umeweka nini?

Raheli alikalia alichoficha

Biblia ina kisa cha mtu aliyeficha kitu katika chombo chake cha usafiri. Soma Mwanzo 31. Yakobo anatoroka kwa mkwe wake Labani pamoja na familia na mifugo. Raheli, mke wake kipenzi, ameiba sanamu za miungu ya baba yake. Labani anawafuata, anawakuta, anaanza kupekua hema moja baada ya jingine. Raheli amezificha wapi? Ndani ya tandiko la ngamia. Kisha akalikalia. Baba yake alipoingia, akamwambia asimkasirikie, hawezi kuinuka kwa sababu yuko katika siku zake. Labani akatafuta kote, hakupata kitu, akatoka.

Alifaulu, sivyo? Lakini mtazame vizuri. Alishindwa kuinuka. Ndivyo kinavyofanya kitu kibaya tulichokificha. Kinatulazimisha kukikalia. Wenzako wanainuka kwenda kukomunika, wewe umekaa. Mtu akisema "nipe simu yako nipige mara moja", unaikumbatia. Unaalikwa kwenye mafungo, una sababu. Watu wanadhani umechoka au una mambo mengi, kumbe umelikalia tandiko.

Na yuko Akani, katika Yoshua 7. Baada ya Yeriko kuanguka alichukua vitu vilivyokatazwa: joho zuri, shekeli 200 za fedha, na kipande cha dhahabu cha uzito wa shekeli 50. Akavichimbia chini katikati ya hema lake. Hakuna aliyejua. Lakini Waisraeli walipokwenda kupigana na mji mdogo wa Ai, wakashindwa, na watu 36 wakafa. Hili ndilo linaloniogopesha. Akani alidhani yale ni mambo yake binafsi, ndani ya hema lake, chini ya mkeka wake. Waliolipa kwanza ni wenzake.

Daftari langu

Sasa niseme langu, maana nisiposema nitakuwa nahubiri hewa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhazini wa vijana kigangoni kwetu. Tulikuwa tunachanga fedha za kwenda hija. Wengi walituma kwa simu, wengine waliniletea mkononi baada ya Misa. Mimi nikaandika katika daftari, jina na kiasi. Kwenye simu yangu nilikuwa na programu moja, ukiiona ni kikokotoo cha kawaida, unaweza hata kujumlisha na kutoa. Ukiingiza namba fulani, kinafunguka ndani. Humo niliweka vitu ambavyo sikutaka mtu avione, na mikeka yangu yote ya kubeti ilikuwa humo.

Nilianza na elfu tano ya kikundi. Nikajiambia nitarudisha Ijumaa. Mkeka ulikuwa na mechi sita. Tano zikaingia, ya sita wakafungwa dakika za mwisho. Yaani karibu kabisa! Kwa hiyo nikachukua elfu kumi ili nirudishe ile tano. Mnajua hesabu hiyo inavyokwenda. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimekula 214,000 za watu.

Katika kikundi chetu kulikuwa na dada mmoja anayeuza maandazi stendi. Kila Jumapili alileta elfu mbili, zimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Jumapili moja akanifuata akaniuliza, "Kaka mhazini, hivi zangu zimefika ngapi?" Nikafungua daftari mbele yake, nikamsomea: ishirini na sita elfu. Akatabasamu, akasema, "Basi nimebakiza kidogo." Nilichomsomea kilikuwa sahihi kabisa. Daftari halikuwa na kosa hata moja. Kilichokosekana ni pesa.

Siku ile nilishindwa kula. Kwa nje nilikuwa mhazini, nasoma somo la pili, naimba sauti ya tatu. Rangi inang'aa. Chini ya kapeti, kutu.

Bati kwanza, boksi baadaye

Fundi wa MGB hafuniki kutu kwa rangi. Anafunua kapeti, anatoa kila kitu, anakwangua. Pale ambapo bati limeoza analikata mpaka afike kwenye chuma kizima, kisha anachomelea kipande kipya. Kelele nyingi, cheche nyingi, na kwa muda gari linaonekana bovu kuliko lilivyokuja. Lakini ndiyo njia yenyewe, njia ya mkato hakuna.

Kwetu sisi Wakatoliki, kufunua kapeti ni Sakramenti ya Kitubio. Na naomba nimjibu mtu anayesema, "Nitawezaje kumwambia padre hivyo? Atanionaje?" Ndugu yangu, sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inasema siri ya maungamo haivunjiki. Padre haruhusiwi kukusaliti kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Ni mahali pa siri palipotengenezwa kwa ajili ya kuitoa ile siri yako. Unaingia nayo, unaiacha pale, haitoki kumfuata mtu.

Nilikwenda parokia ya jirani kwa sababu ya aibu. Nakiri hilo. Nikasema yote: kubeti, kikokotoo, daftari. Padre hakuruka juu. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: "Na wenzako utawaambia lini?"

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunataka kuondolewa dhambi lakini bati libaki vile vile. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha wazi kwamba ondoleo linaifuta dhambi lakini haliponyi vurugu zote ambazo dhambi imesababisha. Kama umemdhuru jirani, ufanye unaloweza kurekebisha, na mfano wa kwanza unaotajwa pale ni kurudisha kilichoibwa. Zakayo alilijua hilo bila kuambiwa. Yesu alipofika tu nyumbani kwake, akaanza kutaja hesabu za kuwarudishia watu.

Niliwaambia. Kwanza mlezi wetu, halafu kikundi kizima, siku ya Jumamosi, chini ya mwembe wa kigango. Sitasahau kimya kile. Nikavuliwa uhazini, na ilikuwa haki. Niliuza simu ile, nikauza na baiskeli, iliyobaki nililipa kidogo kidogo kwa miezi minne kutokana na vibarua. Hija ikafanyika. Mimi sikwenda, nauli yangu ilikuwa imeingia kwenye deni. Yule dada wa maandazi alikwenda. Aliporudi akanisalimia vizuri tu kama kawaida, ila tangu siku ile hajawahi kuniuliza tena habari ya hesabu. Mungu amenisamehe, nina hakika. Imani ya watu inarudi kwa mwendo wake, na hiyo sina haki ya kuidai.

Daftari la Pier Giorgio

Sasa sikiliza habari ya daftari jingine.

Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Baba yake, Alfredo, alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, akawa pia balozi wa Italia Ujerumani. Pesa ilikuwepo. Pier Giorgio alisomea uhandisi wa madini, akapenda kupanda milima, kucheka na kutaniana na rafiki zake. Nyumbani walimwona kijana wa kawaida, tena masomo yanamwendea taratibu.

Ambacho hawakukijua ni kwamba tangu mwaka 1918 alikuwa amejiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na alikuwa anapanda ngazi za nyumba za maskini wa Torino akipeleka dawa, chakula na kodi ya chumba. Nauli yake alikuwa anaigawa, halafu anarudi nyumbani mbio ili awahi chakula. Baba yake alipompa achague zawadi, gari au pesa, alichagua pesa. Zikaenda kwa maskini. Wewe na mimi tunaopenda magari, hebu tufikirie hilo kidogo.

Na alikuwa na kijidaftari. Humo aliandika hesabu za watu aliowasaidia.

Mwishoni mwa Juni 1925 aliugua polio, na madaktari walidhani aliipata kwa wagonjwa aliokuwa anawahudumia. Siku zile zile bibi yake alikuwa anakufa, nyumba nzima inamwangalia bibi, hakuna aliyeona kwamba kijana naye anazimika. Usiku wa mwisho, mkono ukiwa umeshaanza kupooza, aliandika kikaratasi kumkumbusha rafiki yake apeleke sindano za mgonjwa mmoja maskini. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Siku ya mazishi barabara zikajaa maskini. Familia ilishangaa: hawa wote wanamfahamu mtoto wetu? Na maskini nao wakashangaa kugundua kwamba yule kijana wao alikuwa mtoto wa tajiri. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu, siku moja na Carlo Acutis.

Kifuniko kilifunuliwa, na kilichokutwa chini ya kapeti kilikuwa hazina. Yesu alisema wazi, katika Luka 12, kwamba hakuna kilichofichwa ambacho hakitajulikana. Zamani neno lile nililisikia kama tishio tu. Kwa Pier Giorgio lilikuwa ahadi.

Madaftari mawili, vijana wawili, wote Wakatoliki, wote wana siri. Nikiyalinganisha naona aibu, lakini pia napata hamu. Maana shimo ni lile lile.

Wiki hii ufanye nini?

Kwanza, funua kapeti. Leo usiku, kabla ya kulala, weka simu pembeni dakika kumi. Mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe kitu kimoja tu ambacho umekikalia kama Raheli. Usitafute kumi. Kile ambacho ukikifikiria tu moyo unashtuka, ndicho hicho.

Pili, kakwangue kutu. Ulizia saa za maungamo parokiani kwako au parokia ya jirani, uende kabla ya Jumapili. Ukiona aibu, andika katika kikaratasi, usome, halafu ukichane. Na kama kuna mtu umemdhuru, uliza pale pale utarekebishaje. Kama ni kubeti au picha chafu na umeshajaribu kuacha ukashindwa, usipigane peke yako. Mwambie mlezi, katekista, au mtu mzima unayemwamini.

Tatu, usiache shimo tupu. Yesu katika Mathayo 12 anazungumza juu ya nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu, na wale pepo wakarudi wengi zaidi. Weka kitu humo. Chagua tendo moja jema ambalo hakuna mtu atakalolijua: mlipie mgonjwa dawa, sali Rozari kwa ajili ya mtu aliyekukosea, funga mlo mmoja ukampe mwenye njaa. Usiweke kwenye stetasi. Usimwambie hata mchumba. Ukishakuwa na moja humo, utaona linavyokupasha moto moyo ukiwa katikati ya watu.

Tusali

Ee Baba unayeona sirini, unajua kilicho nyuma ya siti yangu. Nimechoka kukikalia. Nipe ujasiri wa kufunua, unyenyekevu wa kuungama, na nguvu ya kurudisha nilichochukua. Wakumbuke walioumia kwa sababu ya siri zangu. Pale palipokuwa na kutu, uweke hazina yako, ili siku utakapofunua yote nisione haya mbele ya uso wako. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina.